Upana wa Kidole Kimoja

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Ndoo, na jina likamganda mpaka ofisini. Kazi yake ilikuwa kupima udongo. Mtu akitaka kujenga, Ndoo anafika na mashine ya kutoboa, anachomoa udongo wa chini mita kwa mita, anaupeleka maabara kwenye vifuko vyenye namba, anaukausha, anauchekecha, kisha anaandika kwa hati nzuri mambo ambayo mwenye kiwanja hakutaka kuyasikia. Mwajiri wake alimlipa kwa hayo. Lakini kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa ndoo yake nyekundu, aliyoipeleka shuleni kila wiki.

Aliijaza mchanga wa pwani, akaumwagia maji mpaka ukashiba. Juu yake alisimamisha tofali moja kama ghorofa. Ndani ya mchanga alifukia kichupa kitupu cha dawa, kimefungwa barabara. Halafu anachukua nyundo ndogo ya mbao na kuigonga ndoo ubavuni, ko, ko, ko, bila pupa. Mchanga uliokuwa mgumu wa kubeba tofali unalegea mara moja na kuwa uji. Tofali linazama. Na kile kichupa, ambacho kila mtu alikwisha kukisahau, kinachomoza juu chenyewe kama mtu aliyeitwa jina lake. Watoto walipagawa kila mara. Ndoo naye, aliyekuwa ameufanya mchezo huo mara mia tatu na ushee, alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anauona. Wako watu wanaopata kizunguzungu cha raha wakiona ardhi inageuka maji, na yeye alikuwa mmoja wao, basi.

Akishamaliza kucheka alieleza. Punje za mchanga zimesimama bega kwa bega, kila moja imeegemea mwenzake, na maji yamejaa katikati. Ardhi ikitetemeka punje zinaachiana, uzito wote unayaangukia maji, na maji hayana mgongo wa kubebea nyumba. Kizito kinakwenda chini, chepesi kinakuja juu. Mtikisiko ukiisha punje zinashikana tena taratibu, na kila kitu kinaganda pale kilipofika.

Mtu mmoja tu alishawahi kuitazama ndoo ile bila kupepesa jicho, naye alikuwa baba yake mzazi. Alisubiri tofali lizame lote, akauliza nani kalipanga tofali lile, maana halina msingi. Kisha akaendelea na chai yake.

Huyo ndiye Mzee Timazi. Alikuwa fundi mwashi, mwiko mkononi miaka arobaini na minane, na hakuna aliyemkumbuka bila timazi mfukoni, ile kamba yenye uzito nchani ambayo mafundi huining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Yake ilikuwa ya shaba, imesuguliwa na kiganja chake mpaka ikawa laini. Aliwahi kuitoa kwenye harusi ya watu na kuipima keki. Keki ilikuwa imepinda, na alisema.

Nyumba yake aliijenga mwenyewe, mita mia mbili tu kutoka baharini, juu ya mchanga mtupu. Alijua mchanga ni mwepesi, hivyo akaona dawa yake ni uzito. Kuta akazifanya nene kupita kawaida, na zege la sakafu akalimwaga mara mbili. Ndoo aliwahi kutoboa uani kwa baba yake kwa kumdanganya kwamba anaijaribu mashine mpya. Mita kumi na mbili alikwenda chini, na zote zilikuwa mchanga, mchanga, mchanga, na maji kuanzia mita moja na nusu. Usiku huo usingizi ulimpaa. Wiki chache baadaye ardhi ikajikuna kidogo, vikombe vikagongana kabatini mji mzima, na tangu hapo akawa hana wimbo mwingine. Alitaka baba ahamie kwake mlimani, ambako chini kuna mwamba. Chumba alishakipaka rangi, kitanda alishakitandika, hata kigoda cha kuwekea miguu alishanunua.

Mzee hakutaka kusikia. Ukaidi alijaaliwa, hilo halina ubishi, lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Mkewe, mama yake Ndoo, alikuwa ametangulia mwaka wa nne sasa. Wakati nyumba inajengwa alikuwa mwanamke mcheshi asiyekaa chini, na mchezo wake ulikuwa mmoja: fundi akimaliza kupiga plasta na kugeuka kunawa, yeye anakandamiza kiganja kwenye ukuta mbichi, halafu anatimua mbio. Fundi akirudi anaguna, anachukua mwiko, anafuta. Sebuleni alifuta. Jikoni alifuta. Chumbani alifuta mara mbili kwa siku moja. Ukuta wenye doa ulikuwa unamnyima raha.

Wiki ya mazishi, Ndoo alimkuta baba yake anapapasa kuta kwa ncha za vidole, chumba baada ya chumba, anatafuta kiganja kimoja alichosahau kukifuta. Hakukuwa hata kimoja. Alimwambia binti yake kwamba alikuwa fundi kupita kiasi, akaenda kukaa, na neno hilo hakulirudia tena. Lakini kuhama alikataa katakata, kwa sababu viganja vyote vile vilikuwa mle ndani ya plasta, hata kama havionekani. Ndoo alimwelewa, na kumwelewa kulimuumiza zaidi. Mzazi mmoja alishamzika. Wa pili hakutaka amezwe na sakafu yake mwenyewe.

Basi ikaja Jumamosi moja, saa tatu na nusu asubuhi, Ndoo amekuja kumsalimia baba yake. Mzee alikuwa na kawaida yake ya kuipima nyumba kila mwisho wa mwezi, timazi kwenye pembe nne, na matokeo aliyaandika kwa penseli nyuma ya mlango. Miaka thelathini na mmoja mlango huo ulisema neno moja tu: sawa, sawa, sawa. Jirani wa mbele, mama mshonaji, alikuwa amekuja na kikombe chake cha kahawa kutazama. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo mzee alikuwa shemeji yake, na Ndoo alimwita mama mdogo. Mdomo wake haukuwa na breki.

Siku hiyo alikuwa anasimulia tena kisa cha tangi. Uani kulikuwa na tangi la maji lililofukiwa, kinachoonekana ni mfuniko tu. Mwaka linajengwa, mzee alilipiga plasta ndani, kama inavyotakiwa, kisha akalipiga plasta na nje, kuta zote nne, zikanyooka kama za msikiti au kanisa, na kesho yake likafukiwa. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Walimuuliza nani atakwenda kuiona plasta iliyo chini ya ardhi, naye akajibu kwamba yeye atajua. Mama mshonaji alipofika hapo kahawa ilimpalia, kama kawaida yake. Mzee hakuchukizwa. Alisema tu kwamba hata leo tangi halina ufa, na tangu Alhamisi yuko kwenye kazi ya kulikwangua, ndiyo maana ni kavu halina tone.

Ndoo alimwambia alijaze maji upesi, maana tangi tupu ndani ya mchanga ni kichupa cha dawa. Hapo mzee akaona imetosha. Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akatoa penseli nyuma ya sikio, na kuandika mkataba. Likija tetemeko na nyumba ikainama hata upana wa kidole kimoja, atahamia mlimani bila neno. Isipoinama, binti yake asimtajie mchanga tena maishani.

Ndoo alitia sahihi kabla baba yake hajamaliza nukta. Picha zote alizowahi kuziona kazini, za miji ya pwani iliyotetemeka, zilionyesha majengo yamelala ubavu kama ng'ombe mchana. Kuinama lilikuwa jambo la uhakika. Alijiona mjanja kweli. Mama mshonaji akatia sahihi ya shahidi, mzee akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaingia ndani na timazi yake kumalizia pembe ya sebuleni.

Karatasi haijakaa mfukoni hata dakika kumi, tetemeko likaja.

Lilianza kwa sauti, kama lori zito linapita mtaa wa pili, ila lori halikupita. Kisha ardhi ikavutwa kushoto na kurudishwa kulia, na kikombe cha kahawa kikamtoka mama mshonaji mkononi. Ndoo alipiga kelele kumwita baba yake atoke, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, na hatua ya tatu haikupata pa kukanyaga. Uwanja ulikuwa umelegea. Miguu ilizama mpaka magotini, akaanguka na viganja vyake vikazama pia. Mazoea ya kazi yakamfanya aanze kuhesabu sekunde kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Nguzo ya umeme mtaani ikazunguka taratibu kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Maji ya kijivu yakaanza kuruka kutoka ardhini, hapa, pale, kando ya mlango, kila tundu likijijengea kichuguu cha mchanga. Alipofika ishirini na sita kila kitu kikatulia.

Na Ndoo alikuwa anacheka. Aliona aibu kubwa, na hofu alikuwa nayo, lakini kicheko kilikuwa kimemshika kifuani na hakikutaka kumwachia. Miaka yote hiyo alikuwa anatazama ndani ya ndoo, na sasa yumo ndani ya ndoo.

Nyumba ilikuwa imeshuka. Ilishuka kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi, na haikutoa ufa hata mmoja. Mlango ulikuwa umefukiwa nusu. Dirisha la sebuleni, ambalo kawaida linamfika Ndoo kifuani, sasa lilikuwa usawa wa magoti. Na dirishani humo alitokea Mzee Timazi, mzima, vumbi kichwani, kamba mkononi.

Alimwita binti yake aje aone. Hakuwa na hofu, alikuwa anang'aa. Timazi ilining'inia kando ya ukuta, na kamba na ukuta vilikuwa kitu kimoja.

"Baba, nyumba imezama," Ndoo alisema.

"Imezama wima," alijibu mzee. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Nisomee hapo. Kuna neno kuzama?"

Ndoo aliisoma. Kuzama hakukuwemo. Watu wawili wa kazi ya ujenzi walikuwa wameandikiana mkataba kuhusu nyumba iliyo juu ya mchanga, wakataja kuinama tu, na mmoja wao hufundisha watoto kila wiki kwamba tofali huzama. Kicheko kilimrudia upya, akashika kizingiti cha dirisha asianguke. Hata mzee alianza kutabasamu, mama mshonaji akadakia kutoka kando kwamba yeye shahidi haki ataisema, binti kashindwa.

Halafu kicheko kikamwisha, kwa sababu aliikumbuka sehemu iliyobaki. Tetemeko kubwa halitembei peke yake, wadogo zake huja nyuma. Mchanga ulikuwa bado mbichi, maji yanaendelea kutoka, na nyumba nzito kuliko zote mtaani ilikuwa imekaa juu ya uji. Mtikisiko mwingine, hata mdogo, unaweza kuiviringisha. Alimweleza baba yake hayo kwa utulivu kadiri alivyoweza. Alimwomba atoke kwa dirisha, mara moja, mkataba watauzungumza baadaye. Mzee alimkumbusha kwamba ameshaanza kumtajia mchanga. Ndoo alimsihi tena, sasa machozi yanamlengalenga. Mzee akavuta kiti, akaketi katikati ya sebule yake iliyonyooka, na kusema kwa upole kwamba kama mke wake yumo ndani ya kuta hizi, basi yeye atamkimbilia nani huko nje.

Ndoo alimnyooshea mkono kupitia dirishani.

Ndipo mama mshonaji, aliyekuwa amezungukia uani kutafuta pa kupita, alipoita. Alisema shemeji njoo, tangi lako limetoka kuota jua. Mzee hata hakugeuza shingo. Lakini Ndoo alikwenda, kwanza kwa kutojua la kufanya, pili kwa sababu hakuna mpima udongo duniani ambaye angeweza kujizuia.

Tangi lilikuwa limepanda. Sanduku zima la zege, lililofukiwa miaka thelathini na mmoja, lilikuwa limesimama uani kimo cha mtu, limeegama kidogo, mfuniko wake angani, maji yanalitiririka ubavuni. Ndoo alilizunguka na kicheko kikimgonga tena mbavuni. Plasta ilikuwa nzuri ajabu. Alipofika upande wa pili, donge la mchanga mbichi lilikuwa linateleza polepole kwenye ukuta, likaanguka, na nyuma yake kukabaki kiganja.

Vidole vitano vimetanuka. Kidole gumba kiko mbali na wenzake. Kilikuwa kimekandamizwa kwa nguvu, mpaka mistari ya kiganja ilisomeka ndani ya saruji. Fundi alishamaliza kazi, ameridhika, amekwenda zake kunawa, na mtu alikuja nyuma yake jioni ile, kabla ya kufukia. Mtu huyo alinyamaza na siri yake maisha yake yote. Bila shaka aliicheka kila alipochota maji.

Ndoo alikimbia. Alizama, akainuka, akafika dirishani hana pumzi.

"Baba," alisema, "kuna kimoja hukukifuta."

Mzee alimtazama. Alimtazama kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

"Kiko wapi?"

"Kwenye tangi. Ukuta wa nje."

Mzee aliinuka. Alikokota kiti mpaka dirishani, akapanda, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, mzee wa miaka sabini na moja, na binti yake akamdaka kwapani na wote wawili wakaketi matopeni. Aliinuka kabla yake. Njia yote ya kuzunguka nyumba alikuwa anazama mpaka kwenye vifundo na hakuitazama miguu yake hata mara moja.

Mbele ya tangi alisimama. Aliinua mkono wake, ule mkono wa mwiko, akauweka juu ya kile kiganja, na chake kilikuwa kikubwa mno, kikakifunika chote. Akauondoa upesi ili akione tena. Mabega yalianza kumtikisika. Ndoo alidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia tangu mazishi. Ndoo naye akaanza, na mama mshonaji, ambaye alikuwa ameelewa kiganja ni cha nani, alijifunika uso kwa ncha ya kitenge na kutikisika hivyo hivyo.

Ardhi nayo ikatikisika. Safari hii ilikuwa fupi, sekunde tano au sita. Wakalishika tangi kama abiria. Nyuma yao kitu kikagumia, na Ndoo alipogeuka aliiona nyumba ya baba yake ikiinama pole pole upande wa bahari, paa limeshuka, na dirisha walilotokea likifunga jicho ndani ya mchanga. Haikuwa tena habari ya kidole. Ilikuwa mkono mzima na bega juu.

Mama mshonaji alitamka kwa sauti, kama shahidi, kwamba imeinama. Ushindi ulikuwa wa Ndoo na hakuutaka. Alimtazama baba yake tu, akisubiri ageuke aione.

Mzee Timazi hakugeuka. Alikuwa ametoa timazi, ameishikilia kamba kwa kidole gumba juu ya ule mkono wa saruji, na anangoja shaba itulie. Ilipotulia alifumba jicho moja, akapima kwa vidole vyake.

"Kimepinda vidole vinne," alisema.

Mama mshonaji, kwa wema tu, alikuwa amelowanisha kona ya kitenge na kusogea kufuta tope lililobaki. Mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Usiguse, shemeji. Kiache hivyo hivyo."

Kisha akaikunja kamba, akaitia mfukoni, akachana ile karatasi ya mfuko wa saruji vipande viwili bila kuisoma, na akamuuliza binti yake gari la kupandisha tangi mpaka mlimani linapatikana wapi.